Sisimizi Katika Mguu wa Masanja

Siku mliyoniaga pale hospitalini Shinyanga mlinitaka nisimame niseme jambo la kuwafaa vijana wa kazi. Nilisema asanteni nikaketi, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na mgeni rasmi alikuwa ameshasema ya kututosha sote. Sasa niko nyumbani Didia, hakuna anayenigongea mlango kuniita wodini, na maneno yamekataa kutulia. Basi nitaandika ya mwanzo tu, ya miaka ile ya vita na iliyofuata, nilipokuwa mkalimani katika hospitali ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Vyeo vilivyokuja baadaye mnavijua. Mshahara nao mnaujua, maana ndio huo huo mnaoulalamikia.

Nilifika mgodini na Kiingereza cha ubaoni. Kilijua kusema kwamba ng'ombe yuko malishoni na kwamba mfalme anakaa London. Nilidhani kinatosha. Kule walikuwepo Wasukuma wenzangu, Wazinza, Wasumbwa, watu wa Kigoma na wa Nyasa, na Kiswahili chetu sote kilikuwa cha kuokoteza. Daktari alikuwa mmoja, Dokta Harding, Mwingereza mrefu aliyeinama kila mlango hata ule usiomhusu. Kiswahili chake kiliishia kwenye maji ya moto na asante. Kati yake na wagonjwa ndipo nilipowekwa mimi, Nkwabi, kama daraja la mti mmoja.

Aliyenipokea ni mzee Saidi, dresa kutoka Tabora, aliyekuwa amefunga vidonda tangu vita ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kunawa mikono?"

"Najua."

"Hujui. Njoo."

Kweli sikujua. Nilipomaliza kufundishwa kunawa, tulianza kupita vitandani nyuma ya Daktari. Kitanda cha kwanza alilala Msumbwa mmoja ameshika tumbo. Daktari akaniambia nimuulize anaumwaje. Yule bwana akaeleza kwa utulivu: maumivu yanaanzia chini ya kitovu, yanajisokota kama kamba inayosukwa, yanakaza mpaka jasho linamtoka, kisha yanaachia, anapumzika kidogo, yanarudi. Nikamgeukia Daktari nikasema kwa ufasaha wangu wote, "Pain, sir."

Dokta Harding akanitazama. "Maneno yote yale," akasema kwa Kiingereza, "halafu ni 'pain' tu?"

Mchana mzee Saidi alinikuta nyuma ya stoo nimejiinamia. Akaniuliza, "Wewe si Msukuma? Ng'ombe wako akipotea, unawaambia watu umepoteza ng'ombe, basi?"

"Hapana. Nasema rangi yake, pembe zilivyokaa, mabaka yako wapi, sikio limekatwaje."

"Basi maumivu nayo yana mabaka. Kamtafutie yule bwana mabaka yake kwa Kizungu."

Nilikwenda kwa Sista Elspeth. Huyu alikuwa Mskoti, mfupi, mwenye mikono myekundu kwa sabuni, na jioni alipenda kukunja bendeji zilizofuliwa huku akizungumza. Nilimwonyesha kwa mikono yangu miwili kamba inayosukwa tumboni. Akacheka, akasema, "Gripes." Nikalirudia. Akasema tena. Neno lenyewe lilibana kinywani kama lilivyobana tumbo! Nilikimbia kumwambia Daktari, nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota jiwe linalong'aa, akashukuru, akarudi kumpapasa yule Msumbwa upya.

Tangu siku hiyo sikuweza kutulia. Niligundua kwamba kila tulichokuwa nacho sisi, na wao wanacho, kimefichwa tu mahali pengine. Jipu linalopwita lina neno lake, 'throbbing', na ukilisema taratibu unasikia jipu lenyewe. Kidonda kinachochonyota kwa aidini ni 'smarting'. Maumivu yanayoguguna kama panya ghalani ni 'gnawing', na hiyo G ya mwanzo haisemwi, imewekwa pale kwa heshima tu. Kichefuchefu ni 'queasy'. Tumbo kunguruma, ambako kwetu ni dalili ya njaa na kicheko cha watoto, wana neno la kitabibu, 'borborygmus'. Hilo alinipa Daktari mwenyewe. Ulimi wa Kisukuma hauelewani vizuri na R, kwa hiyo kwa majuma kadhaa nililisema 'bolbolygmus'. Dokta Harding alisema matumbo ya wagonjwa hayangejali.

Sista alinipa sharti moja, nami nawapa ninyi: neno usilitumie mpaka umpate mgonjwa wake. Nililivunja sharti hilo nilipomwita dereva wa mgodi 'lackadaisical', kwa sababu tu lilinipendeza, likisikika kama mtu anayeburuza viatu. Dereva aliuliza watu maana yake, akaambiwa ni mtu mzembe, na kwa muda mrefu baada ya hapo niliporudi kutoka likizo nilitembea kwa miguu kutoka njia panda.

Asubuhi moja Sista alimtazama mgonjwa mmoja akamwambia Daktari kwamba huyu leo yuko 'peelie-wally'. Daktari hakulielewa. Akanigeukia mimi.

"Nkwabi, amesema nini?"

"Amesema amepauka, sir. Uso hauna damu, na mwili haumpendezi."

Ni neno la kwao Uskoti, nililipata wakati wa kukunja bendeji. Sista akasema, "Afadhali yuko mmoja hospitali hii anayejua Kiingereza." Dokta Harding alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye dirisha. Nilitafsiri Kiingereza kwa Kiingereza! Wiki ile nilikuwa sishikiki.

Ndipo akaletwa Masanja.

Masanja alikuwa mtu wa Songwa, kijana wa umri wangu, mpiga mashine ya kutoboa mwamba. Jiwe lilimshukia chini mgodini likambana mguu wa kushoto chini tu ya goti, upande wa nje. Mfupa ulivunjika, ukafungwa plasta, ukaunga vizuri. Lakini plasta ilipotolewa, wayo ulining'inia. Hakuweza kuuinua. Ukiuchoma kwa sindano, hasikii. Mkewe, Mama Shija, alikuwa amekuja kutoka Songwa kumpikia, akikaa na jamaa za wagonjwa kwenye kibanda cha nje. Siku moja ya baridi Masanja alitoka kwa magongo akaketi nao motoni, akanyoosha miguu. Mama Shija ndiye aliyenusa. Wayo ulikuwa umeungua, naye Masanja anaendelea kusimulia habari za ng'ombe.

Kidonda kile hakikupona. Sista alikisafisha asubuhi, mzee Saidi jioni, kikazidi kuchimba. Hatimaye Daktari akanivuta pembeni ya kitanda na kuniambia niwafafanulie wote wawili, mume na mke.

Hapa pana jambo la kazi ambalo halimo katika vitabu. Mkalimani hasemi "Daktari anasema." Anasema "mimi." Kwa hiyo ni mimi niliyesimama pale na kusema kwa Kisukuma: Masanja, mguu huu umekufa. Kidonda kikifika mfupani kitakuua na wewe. Alhamisi nitaukata hapa, chini ya goti.

Masanja alitazama ukuta. Mama Shija ndiye aliyesema.

"Mkishaukata, mtaupeleka wapi?"

Nikalipeleka swali kwa Kiingereza. Dokta Harding hakulitarajia. Akasema kwa upole kwamba utazikwa nyuma ya hospitali.

"Hapana," akasema Mama Shija. "Nipeni mimi, nikauzike Songwa. Hauwezi kukaa huku peke yake."

Nikalitafsiri hilo pia. Daktari alivua miwani akaifuta, nayo haikuwa chafu.

Sasa, kabla ya hapo, Masanja alikuwa na lalamiko lililomchosha mzee Saidi. Kila siku alisema kuna sisimizi. Mzee Saidi hakupenda kusikia hivyo, kwa sababu usafi wa wodi ile ulikuwa heshima yake. Alitikisa shuka. Akaanika godoro juani. Mwishowe akaiweka miguu minne ya kitanda ndani ya makopo ya mafuta ya taa, na wodi nzima ikanuka kama stoo ya taa.

Jumatano asubuhi, kesho yake ndiyo Alhamisi yenyewe, nilimkuta mzee Saidi amesimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni.

"Anasema bado wapo! Kitanda hiki hakipandwi hata na shetani!"

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Nikamuuliza Masanja kwa Kisukuma, si kwa Kiswahili tulichozoea kukatia maneno wodini. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza mtu habari za ng'ombe aliyepotea.

"Hao sisimizi wanapita wapi?"

"Hapa." Akaonyesha upande wa nje wa goti. "Wanaanzia hapa, wanateremka hivi, wanaishia hapa."

"Juu ya ngozi?"

"Ndani. Juu ya ngozi ningewapiga."

"Wanakuja saa ngapi?"

"Nikiguswa hapa. Mzee akininyanyua kunifunga bendeji, akishika hapa, wanatoka wote."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi huu ulipoandama."

"Masanja, mbona hukutuambia?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mwenzake. "Nimewaambia kila siku. Mmeniletea mafuta ya taa."

Sikutembea kwenda kwa Daktari, nilikimbia, na katika wodi ile kukimbia kulikatazwa. Nilimkuta anachagua vyombo vya kesho. Sikuwa na neno. Maneno yote yale niliyoyakusanya, na hili sikuwa nalo! Nikasema kama nilivyoweza: "Sir, wale sisimizi hawako kitandani. Wako mguuni, chini ya ngozi. Ukimgusa gotini, wanateremka."

Dokta Harding aliweka chini alichokuwa ameshika. Alikuja, akapiga magoti kando ya kitanda kile chenye makopo, akagonga kwa ncha ya kidole upande wa nje wa goti, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

"Hao!" akapiga kelele Masanja, magongo yakaanguka.

Daktari akateremka kidogo akagonga tena. "Hao!" Akateremka zaidi. Kimya. Akarudi juu. "Hao, hao!"

"Formication!" akasema Dokta Harding, akainuka, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Nkwabi, hilo ni neno lake. Formication!"

Akanieleza hapo hapo, akiongea haraka hata nikamwomba arudie. Warumi wa kale walimwita sisimizi 'formica'. Mshipa wa fahamu ukipondwa, mguu unakufa ganzi. Lakini mshipa ukianza kuota tena, kama chipukizi, ncha yake mpya ukiigonga inatoa habari, na habari yake ni hiyo: sisimizi. Mahali wanapoishia ndipo ulipofikia mshipa. Mguu ule haukuwa umekufa. Ulikuwa njiani kurudi.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza nilivyojisikia. Ndani ya neno lile walikuwamo sisimizi wenyewe! Kuna watu walioishi zamani sana, ng'ambo ya bahari, hawajapata kusikia Songwa, na mguu wa mmoja wao uliwahi kufa ganzi na kuamka, naye akasema vile vile alivyosema Masanja. Nilisimama katikati ya wodi na vinyweleo vimenisimama. (Na hilo lina neno, 'horripilation', lakini nililipata baadaye.)

Daktari hakuahidi kitu. Alichukua kalamu akachora mstari kwenye muundi wa Masanja, pale sisimizi walipoishia. Akasema, nami nikasema kwa "mimi" ya furaha safari hii: Sikati kesho. Kila Jumatatu nitagonga. Sisimizi wakiteremka kupita mstari, nangoja. Lakini kidonda kikiingia mfupani, nitakata, sisimizi wawepo wasiwepo.

Mama Shija akauliza, "Wakiteremka mpaka mwisho?"

"Mguu utakuwa wake."

Mzee Saidi alikusanya makopo yake. Baadaye nilimsikia akimwambia mpishi kwamba ni yeye aliyewatoa kitandani, ndiyo maana wakaonekana walipo.

Jumapili alikuja mwinjilisti aliyekuwa akiwaombea wagonjwa wa kanisa lake, mtu mpole aliyesoma Biblia ya Kiingereza kwa miaka. Nilimkimbilia mlangoni.

"Mwalimu! Masanja amepatikana na formication!"

Mwinjilisti alisimama. Akashusha sauti. "Na wewe unafurahi?"

"Sana! Hata Daktari amefurahi."

"Mke wake anajua?"

"Alikuwepo hapo hapo alipogunduliwa!"

Alitikisa kichwa akaingia wodini. Mimi nikaenda zangu kuchemsha vyombo. Haukupita muda nikasikia sauti ya Mama Shija, na haikuwa ya maombi. Nilipofika alikuwa ameshafunga mzigo wake. Mwinjilisti ameketi kando ya kitanda ameshika mkono wa Masanja, akimsihi atubu, na Masanja anaapa kwamba tangu jiwe limwangukie hajaweza hata kufika chooni bila msaada.

Iliwabidi wanisubiri nieleze. Katika Kiingereza ipo 'fornication', ambayo ni uasherati, na ipo 'formication', ambayo ni sisimizi, na kati yake ni N na M tu. Mwinjilisti alicheka mpaka machozi, akamwomba radhi Masanja, na akaomba sala fupi ya kuwatia nguvu sisimizi. Mama Shija alifungua mzigo, polepole, bila kututazama. "Lugha gani hiyo," akasema, "inayokaribisha watu wa namna hiyo nyumba moja."

Habari ilienea. Wagonjwa wote wakalijua neno, wakaliita fomikesheni, na wengine wakalitaka. Mzinza mmoja mwenye malaria alimwomba Daktari rasmi, kupitia kwangu, apewe na yeye fomikesheni, kwa kuwa ameona mwenzake anavyohudumiwa.

Jumatatu ya kwanza Daktari aligonga, na sisimizi walikuwa wamepita mstari kidogo, upana wa ukucha. Wodi ilipiga makofi. Akachora mstari mwingine. Jumatatu iliyofuata, kidogo tena. Kisha Masanja akashikwa na homa. Wayo ukavimba, na rangi ya kidonda ikawa ile ambayo mzee Saidi akiiona huacha kuimba. Jumatatu ile Daktari hakugonga. Alitazama kidonda, akaniambia, "Mwambie nangoja mpaka keshokutwa tu." Nikamwambia. Sikutafuta neno zuri.

Sista Elspeth alihamishia kiti chake kando ya kitanda kile. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku zile mbili sikumsikia akitania. Alifungua kidonda, akakiosha kwa maji ya chumvi, akatoa nyama iliyokufa kipande kwa kipande, akafunga, akafungua tena. Nilimshikia beseni. Masanja hakusikia maumivu yoyote, na ndicho kilichomtisha zaidi. Aliniuliza, "Anakata?" Nikasema, "Anasafisha." Akauliza tena, nikajibu tena. Asubuhi ya siku ya tatu Sista alimgusa paji la uso, kisha akasema yeye mwenyewe amekuwa 'wabbit' kabisa, akaenda kulala. Hilo ni neno jingine la kwao, la mtu aliyechoka hata mifupa. Homa ilikuwa imeshuka.

Daktari akagonga. Sisimizi hawakuwa wamengoja ruhusa ya mtu. Walikuwa wameshafika katikati ya muundi.

Mistari ikateremka. Mvua zikaja zikaisha, Mama Shija akaenda Songwa kupanda na akarudi. Kidonda kikaanza kufunga kutoka pembeni. Na asubuhi moja, mzee Saidi akiwa anafunga bendeji, kidole gumba cha mguu kikainuka. Kikashuka. Mzee Saidi alimwangalia Masanja, Masanja akaangalia kidole chake kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. "Tena," akasema mzee. Kikainuka tena. Mzee yule, ambaye tangu nimjue sikumsikia akiinua sauti kwa jambo jema, alipiga kigelegele cha kike katikati ya wodi, na wanawake wa kibandani nje wakamwitikia bila kujua ni kwa nini.

Masanja aliondoka kwa miguu yake, anachechemea, na kiatu kizito alichotengenezewa na fundi wa mgodi. Lori la kuelekea Shinyanga lilikuwa linanguruma getini. Dokta Harding alitoka kumuaga, akainama mlangoni, akaniita nitafsiri. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu juzi yake nilikuwa nimeyapanga maneno ya Kiingereza ya shukrani, makubwa kwa madogo, ambayo Masanja angeyahitaji.

Daktari hakunipa nafasi. "Mwangaluka," akamwamkia Masanja kwa Kisukuma, kwa lafudhi ya kuchekesha mno, na kwa wakati usio wake, maana jua lilikuwa limeshapinda na hiyo ni salamu ya asubuhi. Masanja hakumsahihisha. Aliitikia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akauinua mguu wa kushoto, akauzungusha wayo huku na huku mbele yake. Daktari naye akainua wake, pamoja na kiatu chake, akauzungusha. Wakasimama hivyo getini, kila mtu kwa mguu mmoja, wameshikana wasianguke, wakicheka, na Mama Shija akiwaambia dereva anangoja.

Mimi nilikuwa hapo kando yao na maneno yangu yote kinywani. Hakuna aliyeyahitaji. Nikayameza, nikambebea Mama Shija mzigo wake mpaka kwenye lori.